Chupa ya Kusukutulia Haitoshi

Tangu mkutano wa wazazi wa muhula uliopita, neno moja limesemwa sana hapa shuleni, darasani, bwenini na hata katika mstari wa chakula. Neno hilo ni dawa ya kusukutulia kinywa. Mzazi mmoja alitoa shauri kwamba katika orodha ya vitu anavyotakiwa mwanafunzi kuja navyo, pamoja na ndoo, godoro na shuka, iongezwe chupa moja ya dawa ya kuua vijidudu vya kinywani. Sababu aliyoitoa ni njema. Alisema kuwa kila muhula wapo wanafunzi wanaong'olewa meno, na kwamba amesikia ya kuwa jino likisha kung'olewa vijidudu huingia katika damu na huweza kufika moyoni. Basi, akasema, kila mwanafunzi akisukutua dawa hiyo atakuwa salama. Wazazi wengi walipiga makofi, na uamuzi utatolewa kabla ya orodha ya mwaka ujao kupigwa chapa.

Mimi nakubaliana na mzazi huyo kwa nusu ya maneno yake, na kwa nusu ya pili sikubaliani naye. Kwa kuwa gazeti letu husomwa na wanafunzi, walimu na wazazi pia, naomba nafasi nieleze kwa nini.

Nusu ya kwanza ni kweli. Mwaka 1935 watafiti wawili wa Uingereza, Okell na Elliott, walipima damu ya watu 138 mara tu baada ya kung'olewa meno. Katika watu 61 kwa kila mia walikuta vijidudu vinavyoitwa streptokoki, ambavyo makao yake ni kinywani. Waliokuwa na ufizi mbovu waliingiwa zaidi kuliko wenye ufizi mzuri. Tangu siku hizo jambo hili limepimwa tena na tena katika nchi nyingi, na hakuna anayelibishia.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Jino halikusimama katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa pande zote na nyuzi ndogo ndogo, na kandokando yake ipo mishipa myembamba ya damu. Kati ya jino na ufizi upo mwanya, na katika mwanya huo vijidudu hukaa kwa maelfu na maelfu. Tabibu anapolitikisa jino ili lilegee, mishipa ile hukatika, na vijidudu husukumwa ndani yake. Kwa muda wa nusu dakika tu vimekwisha kusafiri na damu hadi mkononi, mahali ambapo mtafiti anaweza kuvichota kwa sindano.

Hata hivyo, mtu mwenye afya hana haja ya kuingiwa na hofu. Mwili una askari wake. Kwa watu wengi vijidudu hivyo humalizwa katika dakika chache, na kwa walio wengi havionekani tena baada ya saa moja. Ndiyo maana mamilioni ya watu wameng'olewa meno wakarudi nyumbani, wakala uji, na mambo yakaishia hapo.

Hatari ipo kwa watu wa namna nyingine, yaani wale ambao vilango vya moyo wao vimeharibika. Moyo una vilango vinne, ambavyo madaktari huviita vali, na kazi yake ni kuiacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kilango kikiwa na kovu, damu hupita juu yake kwa vurugu, kama maji ya mto yanavyopita penye mawe, na hapo vijidudu hupata mahali pa kushika. Vikishika, huota juu ya kilango na kukila polepole. Mgonjwa hupata homa isiyokwisha, hukonda, hutoka jasho usiku, na kwa kuwa katika nchi zetu homa yo yote hudhaniwa kwanza kuwa malaria, majuma huweza kupita kabla hajapimwa inavyostahili. Hata penye hospitali kubwa na dawa zote, kiasi cha mmoja katika kila wagonjwa watano wa maradhi haya hufariki.

Mtu atauliza, vijana wenye vilango vibovu wanatoka wapi? Jibu ni kwamba tunao wengi kuliko tunavyodhani. Mtoto hupata maumivu ya koo, mafindofindo yakavimba, asipewe dawa ipasayo. Baadaye hupata homa ya baridi yabisi, viungo vikamvimba, kisha akapona. Lakini moyo haukusahau. Makovu hubaki katika vilango, na miaka ikipita huzidi. Katika Ulaya na Marekani maradhi haya yamepungua sana, lakini katika Afrika bado yanawapata watoto na vijana wa umri wetu. Mwezi wa Mei mwaka 2018, Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ulipitisha azimio la kuyataka mataifa yote yapambane nayo. Hapa kwetu Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam hupasua na kubadilisha vilango vya moyo, na miongoni mwa wanaolazwa huko wapo wa umri wa kwenda shule.

Ninayo sababu ya kulijali jambo hili. Mdogo wangu wa kike ana moyo wa namna hiyo. Kila mwezi huchomwa sindano ya penisilini ili homa ile isimrudie. Mwaka juzi gego lake liliuma, akapelekwa kung'olewa. Alipewa maji ya dawa asukutue, akaambiwa afungue kinywa. Hakuna aliyemwuliza neno juu ya moyo wake. Mama ndiye aliyesimama akasema, na hapo kazi ikasimamishwa, akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, ambako alipewa dawa kabla ya kung'olewa. Januari ijayo ataingia kidato cha kwanza, na Mama hatakuwa naye.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Ile inayosifiwa na matabibu huitwa klorheksidini. Ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Imperial Chemical Industries, ikaanza kuuzwa mwaka 1954, nayo ilitumika kusafisha ngozi na vidonda. Mwaka 1970 watafiti wawili huko Denmark, Löe na Schiøtt, walionyesha kwamba mtu akisukutua mara mbili kwa siku maji yenye sehemu 2 za dawa hiyo katika 1,000, ukoga haujengi juu ya meno yake hata asipopiga mswaki. Kwa hiyo si maji ya ulaghai. Ni dawa kweli. Lakini yafaa wazazi wajue pia kwamba si kila chupa ya maji ya rangi inayouzwa dukani ina dawa hiyo. Nyingi hunukia vizuri, basi.

Je, dawa hii inazuia vijidudu visiingie katika damu jino linapong'olewa? Majaribio yamefanywa, na tuyasome bila upendeleo. Mwaka 2007 watafiti wa Santiago de Compostela, Hispania, walitoa habari za wagonjwa 106. Baadhi yao walisukutua klorheksidini kabla ya kung'olewa, na wengine hawakusukutua. Nusu dakika baada ya kung'olewa, vijidudu vilionekana katika damu ya watu 96 kwa kila mia wasiosukutua, na watu 79 kwa kila mia waliosukutua. Baada ya robo saa, ilikuwa 64 kwa wale wa kwanza na 30 kwa wale wa pili. Baada ya saa moja, 20 na 2.

Anayeipenda dawa atasema, "Unaona! Robo saa tu na tofauti ni zaidi ya nusu." Ni kweli, na nisingekuwa mwaminifu kama ningeificha hesabu hiyo. Lakini tazama pia nusu dakika ile ya kwanza. Katika waliosukutua, watu 79 kwa mia walikuwa na vijidudu damuni. Tena, jaribio jingine la Marekani, lililotolewa mwaka 1996, liliona 94 kwa mia wasiosukutua dawa na 84 kwa mia waliosukutua. Na mwaka 2018, watafiti wa Hispania walipoyajumlisha majaribio kadhaa pamoja, waliona kwamba kati ya kila watu mia ambao wangeingiwa na vijidudu, dawa iliwakinga kiasi cha 12. Wale 88 waliobaki waliingiwa vilevile. Ikiwa mlinzi wa shule angezuia wezi 12 na kuwapitisha 88, tungemshukuru kwa wale 12, lakini tusingelala milango wazi.

Kwa nini dawa iuayo vijidudu vizuri hivyo ishindwe? Jibu lilikwisha kuonekana zamani sana. Katika miaka ya 1680, Antonie van Leeuwenhoek, mfanya biashara wa nguo wa mji wa Delft, Uholanzi, aliutazama ukoga wa meno yake kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikichezacheza. Akavitia siki, vikafa. Lakini alipoisukutua siki hiyo, aliona kwamba vilivyokufa ni vile vya juu tu. Siki haikupenya ndani ya ukoga. Klorheksidini ni kali kuliko siki, lakini shida ni ile ile. Maji ya kusukutua huosha juu ya meno na ulimi. Hayafiki chini ya ufizi wala penye ncha ya mzizi wa jino bovu, na vijidudu vinavyoingia katika damu hutoka huko. Ni kama kufagia uwanja wakati nyoka yumo ndani ya nyumba.

Kwa sababu hiyo wakubwa wa tiba hawakuiweka dawa hii mahali pa kinga ya moyo. Mwaka 2008 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kilisema wazi kwamba wenye hatari ya maradhi ya vilango wasipewe klorheksidini ya kusukutua kuwa ndiyo kinga yao wanapotibiwa meno. Huko Marekani, chama cha madaktari wa moyo kilianza mwaka 1955 kushauri kwamba wenye mioyo mibovu wapewe dawa za kuua vijidudu kabla ya kung'olewa meno. Mwaka 2007 chama hicho kilipunguza ushauri huo, kikasema dawa hizo wapewe wale tu wenye hatari kubwa kabisa, kama vile waliowekewa kilango cha bandia, waliokwisha kuugua maradhi haya mara moja, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro kubwa za moyo. Kwao dawa ya kawaida ni amoksilini, na humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'olewa.

Hapa pana jambo la kufikiriwa na sisi Waafrika. Miongozo hiyo iliandikwa katika nchi ambazo makovu ya homa ya baridi yabisi yamekuwa machache. Australia, ambako maradhi hayo bado yanawasumbua sana wenyeji wa asili, waliona ni lazima wawaingize wenyeji hao wenye makovu katika orodha ya wanaopewa dawa. Basi haifai mtu wa kwetu asome mwongozo wa ng'ambo na kujiamulia nyumbani. Aulize daktari wake. Na anayechomwa penisilini kila mwezi, kama mdogo wangu, ni lazima aliseme hilo, kwa kuwa vijidudu vya kinywani mwake huenda vimekwisha kuizoea dawa ya ukoo huo, na daktari huweza kumchagulia nyingine.

Yako wapi, basi, makosa ya shauri la mzazi wetu? Si katika kuisifu dawa. Ni katika neno lile "salama". Mwanafunzi mwenye moyo mbovu akiamini kwamba chupa yake imemkinga, hatasema neno atakapokaa katika kiti cha tabibu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Chupa hiyo itakuwa imemsaidia kuficha. Zaidi ya hayo, dawa yenyewe si maji ya kunywa. Ikitumika siku nyingi hugeuza meno kuwa na rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Mara chache sana huleta madhara ya ghafula kwa mtu ambaye mwili wake unaikataa. Huko Uingereza walikuwako watu wawili waliofariki baada ya shimo la jino kuoshwa kwa dawa hiyo. Mambo hayo ni ya nadra, lakini yatosha kuonyesha kwamba dawa hii yafaa ikae mkononi mwa tabibu, isijazwe katika masanduku ya wanafunzi mamia kadhaa. Na kwa jinsi ninavyowajua wenzangu, chupa nyingi zitakuwa tupu kabla ya siku ya michezo kwa ajili ya harufu yake nzuri, na jino litakapouma hakutakuwa na kitu.

Yupo atakayesema, "Unakataa chupa, unatupa nini badala yake?" Nawapa mswaki. Najua wengine watacheka, maana mswaki tumeambiwa tangu darasa la kwanza. Lakini sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima damu ya watu 290. Waliong'olewa jino bila dawa waliingiwa na vijidudu 60 kwa kila mia. Waliong'olewa baada ya kumeza amoksilini, 33 kwa mia. Na waliopiga mswaki tu, 23 kwa mia. Mtu asiseme kwamba mswaki ni adui. Maana yake ni kwamba kinywa kichafu hupeleka vijidudu katika damu hata siku ambayo jino halijaguswa na tabibu. Watafiti hao hao walionyesha baadaye kwamba wenye ukoga mwingi waliingiwa na vijidudu zaidi ya mara tatu kuliko wenye meno safi, wakati wa kupiga mswaki. Jino hung'olewa siku moja. Kula na kupiga mswaki ni kila siku. Anayetaka kuulinda moyo wake lazima auweke ufizi wake katika hali njema siku zote, na hapo hata haja ya kung'olewa jino itapungua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, nayo hayana gharama kubwa.

La kwanza, katika orodha ya mwaka ujao chupa isiwekwe. Badala yake kila mwanafunzi aje na mswaki mpya kila muhula, na dawa ya meno yenye floraidi. Anayezoea mswaki wa mti asidharauliwe, mradi autumie vizuri.

La pili, tupewe dakika kumi baada ya masomo ya usiku, kabla ya taa kuzimwa. Hivi sasa kengele ikilia tunakimbilia vitandani, na asubuhi mabomba ni mawili kwa bweni zima. Mwanafunzi hawezi kulaumiwa kwa ukoga ikiwa hana wakati wala maji.

La tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mzazi ambaye mtoto wake ana maradhi ya moyo aandike barua kwa Mkuu wa Shule na matroni, ifungwe, ihifadhiwe kwa siri. Mwanafunzi huyo anapopelekwa kung'oa jino, asiende na mwenzake tu. Aende na mtu mzima mwenye barua hiyo mkononi. Na wenzetu hao wasichekwe kwa kukosa mbio za asubuhi.

La nne, anayeumwa jino aseme mapema. Tuache kuchokonoa meno kwa ncha ya bikari na kuweka vidonge juu ya ufizi. Tabibu akitaka tusukutue klorheksidini kabla ya kung'oa, tusukutue kwa furaha, maana hupunguza vijidudu kwa kiasi chake, na pia husaidia shimo la jino lisipatwe na maumivu makali ya siku za baadaye. Baada ya kung'olewa tusisukutue siku hiyo, ili damu iliyoganda isitoke. Kuanzia siku ya pili, maji ya vuguvugu yenye chumvi yatosha, na chumvi ipo jikoni.

Haya ndiyo maoni yangu. Simlaumu mzazi aliyetoa shauri lile, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufanya tulizungumze jambo ambalo shule nyingi hazilizungumzi kabisa. Namwomba yeye na wazazi wenzake, kabla ya orodha kupigwa chapa, walifikirie tena. Na mwanafunzi au mwalimu ambaye hakubaliani nami na aandike katika toleo lijalo, nitafurahi kumsoma.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV